Uso wa Bibi na Mafuta ya Nazi

Picha ya kwanza niliyoichora kwa rangi za mafuta ilikuwa ya kitunguu. Ya pili, kitunguu. Ya tatu ilikuwa kitunguu kilekile, kimeshaanza kuota majani, na hapo bibi yangu akaja akasimama nyuma yangu na mwiko mkononi.

"Hiki bado hakijatazamwa vya kutosha?" akaniuliza. "Mie nataka kukaanga."

Nikampa. Alikikata palepale, macho makavu, na siku ya pili nikaanza kuchora ndimu.

Nilikuwa nakaa naye Temeke, wakati wa Mwingereza, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Nilikuwa nimeachika. Mwanamume mwenyewe sina la kusema juu yake, ila kwamba alinirudisha pamoja na sanduku langu na godoro, na hilo wengine hawafanyiwi. Bibi alinionyesha pembe ya kuweka sanduku, akasema kesho kuna nazi za kufua. Yeye alikuwa akipika mafuta ya nazi na kuyauza kwa chupa. Nazi zilitoka Mbagala kwa baiskeli, tukizifua, tukizikuna, tukizikamua tui, kisha tui linakaa motoni mpaka maji yote yaondoke na mafuta yapande juu. Temeke nzima wanawake walijipaka nywele mafuta yake. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hayabadiliki. Unaweza kuyaweka kabatini ukayasahau, siku ukiyakumbuka utayakuta vilevile, na alikuwa akilisema hilo kwa kila mteja, hata kwa wale waliokuja kuomba moto tu.

Bibi ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa mdogo, na hili ndilo nataka lieleweke mapema: sura ya mama yangu siikumbuki. Nakumbuka mkono umeshika kata ya maji, nakumbuka kikohozi. Uso, hapana. Picha hakupiga. Watu walikuwa wakiniambia nimefanana naye, basi nilikuwa najitazama kwenye kioo nikimtafuta, naona mie tu. Nilipoanza kushika burashi nilijua tangu siku ile nataka nini. Vitunguu na ndimu vilikuwa njia. Nilikuwa nataka uso wa bibi, kabla na huo haujanipotea.

Kule kwenye kuchora niliingia kwa mlango wa ushonaji. Kulikuwa na ukumbi uliojengwa na serikali kwa ajili ya wakazi, na kila Jumamosi alasiri wanawake tulifundishwa kutarizi. Mie kutarizi nilikuwa sijui, na mpaka leo sijui, uzi unanikwaza. Lakini wenzangu waligundua kwamba nikishika penseli naweza kumchorea mtu ua la asumini kwenye foronya likakaa kama analotaka, basi wakawa wananiletea foronya zao niwachoree, na wao watarizi. Mwalimu wa ushonaji alikaa akitazama mambo haya, mwishowe akachoka. Akanishika mkono akanipeleka chumba cha pili. Huko walikuwa wanaume peke yao, na harufu iliyonipiga puani nikadhani mtu kamwaga mafuta ya taa.

Mwalimu wa chumba kile alikuwa Mzungu, mke wa bwana mmoja wa serikali, mwanamke mrefu mwenye shingo nyekundu ya jua. Kiswahili chake alijifunzia bara, kwa watumishi wa nyumbani, kwa hiyo alichojua ni amri tupu. "Leta! Tazama! Kwangua!" Siku za mwanzo niliudhika, nikasema huyu ananiona mpishi wake. Baadaye nikaona anawaambia hivyohivyo hata Wazungu wenzake waliokuja kututembelea, nikatulia.

Alitufundisha mambo ambayo ukishayajua unashangaa uliishije bila kuyajua. Kwamba ukitaka kuona kitu, fumba macho nusu, yale madogomadogo yapotee ubaki na giza na mwanga. Kwamba tabaka la kwanza liwe jepesi, rangi imezimuliwa kwa tapentaini, na mafuta uyaongeze kadiri unavyopanda juu. Kwamba kivuli si cheusi. Hilo la kivuli lilinitaabisha. Alimweka mmoja wetu dirishani, mtu mweusi tititi, akatuuliza tunaona rangi gani chini ya taya. Tukasema nyeusi. "Tazama!" Tukasema kahawia. "Tazama!" Tulikaa pale mpaka yule bwana shingo ikamkakamaa, na ghafla nikaona kijani. Kijani kibichi kabisa, kama ganda la ndizi, chini ya taya ya mtu. Nikapiga ukelele.

Alitufundisha pia kusaga rangi wenyewe. Unaweka rangi ya unga juu ya kipande cha kioo, unamimina mafuta ya kitani kutoka kwenye kopo lake, unasugua mpaka iwe laini. Kwa nini kitani na si kingine hakutuambia, wala sie hatukuuliza.

Na alikuwa na sharti moja: kila siku, nyumbani, uchore kitu kimoja. Jioni ukikwangue. Jumamosi ulete kimoja tu ambacho hukukikwangua. Sababu moja ilikuwa mbao, maana tulichorea mbao nyembamba za masanduku ya chai na hazikuwa nyingi. Sababu ya pili, alisema, mkono usipende kazi yake upesi.

Basi ndivyo nilivyoishi. Nikishaswali alfajiri nilitoka uani, naegesha ubao wangu juu ya kinu kilichopinduliwa, nachora mpaka jua linapogusa kizingiti cha jiko. Baada ya hapo ni nazi. Jioni nachukua kisu, nakwangua. Bibi alikuwa akikaa akitafuna tambuu yake, akitazama kazi ya asubuhi nzima inavyoporomoka chini ya kisu.

"Wewe ungekuwa mpishi ungepika ukamwaga," akasema.

"Ndivyo tulivyofundishwa, bibi."

"Na mnalipia?"

"Hatulipii."

"Afadhali."

Harufu ya tapentaini ndiyo iliyomkera zaidi. Aliona itaingia kwenye mafuta yake, wateja waseme yananuka gereji. Nikahamishia vitu vyangu upande wa pili wa ua, karibu na choo, na huko nikawa nachora mkono mmoja na kufukuza nzi kwa mkono wa pili. Sikulalamika. Kulalamika kwa bibi ilikuwa ni kujitafutia kazi ya ziada.

Siku niliyomwomba nimchore alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Hata hakunyanyua kichwa.

"Aka! Mie? Unichore mie, uso huu, kisha siku ya kiyama uambiwe uutie roho? Utautia kwa nini, kwa pampu ya baiskeli? Siku hiyo nitakuwa na yangu ya kujibu, mke mwenzangu, nisije nikaitwa ushahidi kwenye yako."

Alikuwa akiniita mke mwenzangu tangu utotoni, kwa kuwa marehemu babu alikuwa akiniita mke wake. Nilijua hoja yake ni ya kweli kwake na sikutaka kubishana naye dini. Nikamwambia tu lile la mama. Kwamba simkumbuki sura. Kwamba najitazama kwenye kioo simwoni.

Akaendelea kukuna. Siku ya tatu yake, nikiwa naosha burashi zangu kwa mafuta ya taa, akaja akaniambia kama mtu anayenituma chumvi dukani:

"Haya, nichore. Ila macho usinitie. Kisicho na macho si mtu, ni kitu tu, na kitu hakidaiwi roho."

Nikakubali. Ningekubali hata kama angesema nichore kisigino.

Kumchora haikuwa kazi nyepesi, kwa kuwa bibi alikuwa hajui kukaa. Akikuna nazi kichwa kinapanda na kushuka, akikamua tui mabega yanakwenda upande, akipumzika anainuka kufukuza kuku wa jirani. Wakati mmoja tu alikuwa anatulia, nao ni ule wa mwisho kabisa, alfajiri, tui la jana likiwa motoni na mafuta yanaanza kujitenga. Hapo ukizubaa yanaungua. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, mikono magotini, ameinamia sufuria kidogo, haongei na mtu. Huo ndio muda niliokuwa nao. Mafuta yakishapanda, bibi huyo, kainuka.

Nikamchora kwa vipande, asubuhi baada ya asubuhi. Paji la uso lilikuwa na mwanga wa buluu wa alfajiri, na chini ya taya palikuwa na wekundu wa moto. Ndewe za masikio zilichanika zamani kwa uzito wa majasi, nikazichora zilivyo. Mdomo ulinishinda. Nilikuwa nauchora unatoka wa mwanamke mpole, na bibi hakuwa mpole, nakwangua. Narudia, unatoka wa mtu aliyeudhika, na hakuwa ameudhika vilevile, alikuwa amebana tu tambuu. Naukwangua tena. Uso mwingine wote ulikuwa umekauka na mdomo bado ni shimo, hata bibi akaniuliza kama huo nao nimeukataza yeye.

Nilipoupata mdomo, niliupata kwa dakika chache, bila kufikiri, nikiwa na haraka kwa kuwa mtu alikuwa anabisha hodi mlango wa mbele.

Jumamosi niliipeleka ukumbini imefungwa kwenye mkeka. Mwalimu aliisimamisha ukutani, akarudi nyuma, akafumba macho nusu.

"Macho?" akauliza.

"Sijapewa ruhusa."

"Nani hajatoa?"

"Mwenyewe."

Akatikisa kichwa, akachukua burashi, akanionyesha kwenye kibao cha pembeni namna ya kuweka mahali pa macho vivuli viwili vyepesi, vilale vizuri, visionekane matundu. Nikavitia. Kulikuwa na bwana mmoja darasani, kazi yake kuandika vibao vya maduka, akasema, "Bibi wa watu umempofusha." Nikamwambia aende akaandike soda baridi na kahawa aniache. Wakacheka wote, na yeye akacheka, na picha nikairudisha nyumbani.

Tuliitundika chumbani juu ya sanduku langu. Bibi aliswali chumba hichohicho bila wasiwasi wowote, kwa kuwa haikuwa na macho. Wageni akiwaonyesha alikuwa anasema, "Hiki ni kitu tu alichokitengeneza mke mwenzangu," kisha anawaacha waisifu, na wakichelewa kuisifu anawauliza kama hawaoni vizuri.

Kabla ya masika mwalimu alikwenda likizo kwao Ulaya. Chumba kilifungwa na makopo yakafungiwa ndani. Nyumbani nilibaki na vibomba vya rangi vilivyokamuliwa mpaka vikawa bapa, rangi za unga kidogo nilizonunua duka la Mhindi, na chupa ya mafuta ya kitani ambayo niliipindua siku moja isitoke hata tone. Sikujali sana. Mvua zilianza, na bibi akaanza kuumwa.

Ilikuwa kifua, kisha miguu ikavimba. Dawa za hospitali alikunywa, na za mizizi alikunywa, akazitukana zote sawasawa. Mie nikawa napika mafuta peke yangu na yeye ananiamuru kutoka kitandani kwa kunusa tu: "Punguza moto! Koroga! Umelala?" Na kweli alikuwa hakosei.

Asubuhi moja akaniita. "Lete ile picha."

Nikaitungua nikamshikia. Akaitazama muda mrefu, kichwa upande huu, kichwa upande ule.

"Huyu hanioni," akasema.

"Wewe ndiye uliyekataa, bibi."

"Nilikataa wakati mie mwenyewe nakutazama kila siku. Sasa nikienda, nani atakutazama, usije ukalala mpaka jua likatoka? Nitie macho."

Nikamuuliza, "Na kiyama?"

"Si naanza kwenda mie? Nitafika mbele yako, nitaeleza."

Alilisema hilo bila kutabasamu. Nilitaka kulia nikaogopa kwamba atanituma maji.

Sasa mafuta. Kariakoo yalikuwako madukani, makopo makubwa ya mafundi, lakini barabara ilikuwa mto, na bibi nisingeweza kumwacha na mtu hata kwa nusu siku. Nikasimama pale na kipande changu cha kioo na rangi za unga, natafuta la kufanya. Bibi akanifuata kwa macho.

"Kimekosekana nini?"

"Mafuta ya kuchanganyia."

"Mafuta?" Akanyoosha kidole kwenye chupa zake zilizojipanga ukutani, zinang'aa. "Na yale nini, maji ya mchele? Au mafuta yangu hayafai?"

Wallahi sikufikiri mara mbili. Nilifurahi hata. Niliona hakuna mafuta duniani yanayostahili kuingia kwenye macho ya bibi kuliko yale aliyoyakamua kwa mikono yake. Nikasaga kahawia, nikasaga nyeusi, na nyeupe kidogo iliyokuwa imebaki kwenye kibomba nikaichanganya na buluu kwa ajili ya ule mduara. Maana macho ya wazee yana mduara wa kijivu unaozunguka ule weusi, na ya bibi mduara wake ulikuwa wa buluu hasa.

Nilimweka akiegemea mito. Safari hii hakuinamia sufuria, alinitazama mie. Tangu nizaliwe bibi hakupata kunitazama muda mrefu hivyo bila kunituma mahali. Nilimaliza kabla ya adhuhuri. Nikamgeuzia ubao, akajiona.

"Hee! Kumbe ndivyo ninavyotazama watu? Basi nimewaonea."

Siku zilizofuata nilikuwa nagusa ukingo wa jicho kwa ncha ya kidole kuona kama limekauka. Kidole kinatoka na kahawia. Nikasema ni masika. Na kweli masika yale hakikukauka kitu: kanga zilishinda kwenye kamba zikarudi ndani mbichi, chumvi iligeuka maji, mikeka ikaota ukungu. Nikajiambia jua likitoka yatakauka. Nikairudisha picha ukutani, na bibi akawa anatazamana nayo kutoka kitandani. Mara nyingine nilikuwa namsikia anaisemesha, anaikosoa.

Alifariki asubuhi, tui likiwa motoni. Aliniuliza kama nimeepua mafuta. Nikamwambia naenda. Niliporudi alikuwa amekwisha kwenda.

Jirani yetu, mke wa Mwarabu mwenye duka la pembeni, ndiye aliyeshika mambo ya msiba upande wa wanawake. Alikuwa mama wa makamo, mwepesi, anajua nani aitwe na nani atandike nini, na bila yeye sijui ningefanyaje. Alipoingia chumbani kupanga mahali pa kumwoshea marehemu, akainua macho akaona anatazamwa kutoka ukutani.

"Yarabi! Mwanangu, malaika wataingiaje humu?"

Ni desturi, nyumba ya msiba picha hufunikwa au huondolewa. Akajivua kanga yake ya juu, mpya, ya siku ileile, akaifunga picha vizuri, akaivuta ikakaza, akapiga fundo kwa nyuma, akaiegesha kifudifudi ukutani, na juu yake likaja kuegemezwa godoro. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni namwona. Niliona ametenda lililo sawa, na kwamba ametoa kanga yake mpya. Nilimshukuru.

Sikulia msibani. Watu walinisema, na nilisikia wakinisema. Waliosoma walisoma, waliopika walipika, na mie nilikuwa nagawa maji ya kunawa na kukusanya sahani. Sikuwa najikaza. Machozi hayakuja tu, na siwezi kusema zaidi ya hapo.

Siku ya kuondoa matanga watu walifagia ua, wakakunja mikeka, wakaanza kuaga. Jirani akaja chumbani kuichukua kanga yake. Akafungua fundo. Kitambaa kikagoma kidogo, kikawa kama kimeshikwa, akakivuta kwa upole, kikatoka.

Macho yalitoka nacho.

Kwenye ubao palibaki vile vivuli vyangu viwili vya zamani, vya mafuta ya kitani, vikavu, vinang'aa mafuta kidogo. Mdomo ulikuwepo, masikio yalikuwepo, paji lilikuwepo. Na kwenye kanga, katikati ya mji wake, pale ndani ya pindo, jicho moja lilikuwa limevurugika na la pili zima kabisa, na mduara wake wa buluu, linanitazama kutoka mikononi mwa jirani.

Jirani akapiga yowe, akaikunja kanga upesi kifuani. Mie nikakaa chini sakafuni. Kilio kilichokuwa kimekataa siku zote zile kilikuja chote, kwa sauti, mpaka waliokwisha kufika barabarani wakarudi mbio. Wakasema, afadhali, sasa kamlilia bibi yake. Na walikuwa hawajakosea. Bibi yangu alikuwa amenifia mara ya pili, na mara hii nilimwona anavyoondoka.

Katika kubembelezwa na kupewa maji, kanga iliondoka na mwenyewe. Nilikuja kuikumbuka jioni, nikajiambia kesho nitakwenda kuiomba. Sikuwahi. Alfajiri, hata sijatoka uani, jirani akabisha hodi. Alikuwa na sahani ya vitumbua, na juu ya mkono wake kanga, imekunjwa, imepigwa pasi.

"Nimehangaika nayo mpaka usiku, mwanangu. Sabuni, ndimu, mafuta ya taa. Imetakata. Ichukue iwe yako, na unisamehe, nimekuharibia kazi yako."

Nikaikunjua. Imetakata kweli. Nyeupe yake nyeupe, nyekundu yake nyekundu, inanuka sabuni ya mche. Nilitafuta hata kivuli cha doa sikukiona.

"Ahsante, mama," nikasema. Ningesema nini? Mtu amekesha kwa ajili yako.

Mwalimu aliporudi kutoka likizo nilimpelekea picha nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye benchi. Akasema mafuta ya kitani yakipata hewa hukauka yakawa kama ngozi, lakini ya nazi hayakauki, hata yakae mwaka, hata yakae kumi, yatabaki mafuta. Nikamwambia hilo nalijua. Ndiyo sifa ambayo bibi alikuwa akiwaambia wateja wote, kwamba hayabadiliki. Nilikuwa nalijua maisha yangu yote, na sikuliona.

Akainuka, akafungua kopo lake la kitani, akasaga rangi mwenyewe, akanipa burashi. "Tia tena," akasema. "Unakumbuka. Tia!"

Na kweli nilikuwa nakumbuka. Sio kama mama. Nilijua kahawia ile hasa, nilijua mduara unaanzia wapi, nilijua kope la kushoto linashuka kuliko la kulia. Nilinyanyua mkono, burashi imejaa rangi.

Nikamkumbuka bibi alivyosema atafika mbele yangu aeleze. Alikwenda na maelezo ya macho yale. Haya mengine angeyaeleza nani? Alitoa ruhusa mara moja, kwa mdomo wake, akiwa amenikazia macho, na ile ruhusa ilitumika ikaisha. Mapatano yaliyobaki kati yetu yalikuwa yale ya kwanza, kwamba macho nisimtie. Nilikasirika. Nilimkasirikia bibi, kanga, masika, na Mzungu na likizo yake. Kisha nikaosha burashi.

Mwalimu aliona ni ukaidi. "Hasara," akasema, na akaudhika nami Jumamosi nzima. Labda ulikuwa ukaidi. Nilirudi wiki iliyofuata, tukaendelea na vivuli.

Nilikuja kuolewa tena, nikazaa, tukajenga nyumba ya bati palepale Temeke. Nimechora kila siku tangu hapo, na nakwangua bado, ingawa mbao sasa zipo. Picha ya bibi imetundikwa chumba cha mbele. Imekauka vizuri, haina ufa hata mmoja, na pale pa macho ni vile vivuli viwili tu. Wajukuu zangu wakikaribia chumba kile mchana wanaanza kunyata, vidole midomoni, wakiambizana bibi mkubwa amelala. Nawafokea. Nawaambia huyu hakulala mchana hata siku moja maishani mwake, huyu alikuwa haoni mtu kakaa asimtume, wala hakuacha mtu alale!

Mdogo wao ananiambia, "Bibi, polepole, utamwamsha."